Kumfuga Vunjajungu na Kulea Tunutu Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa kumfikiria hasa vunjajungu mkubwa wa jenasi ya Sphodromantis, yule wa kijani au hudhurungi, mwenye urefu wa sentimita 6 hadi 8, anayekutwa kwenye vichaka, michongoma na bustani za Afrika Mashariki na katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Mengi yatawafaa pia jamaa zake, kwa kuwa kundi zima la vunjajungu, ambalo wanasayansi huliita Mantodea, lina spishi zipatazo 2,400 na zote huishi kwa kuwinda. Maswali yanayohusu tunutu, yaani watoto wasio na mabawa, nimeyajibu kwa urefu zaidi kwa makusudi, maana huko ndiko wafugaji wengi wanakovunjika moyo: kifuko cha mayai huanguliwa asubuhi moja, tunutu mia na zaidi huwa wanataka kula kesho yake, na ndani ya nyumba hakuna hata nzi mmoja wa kuwapa.

Je, vunjajungu anaweza kumdhuru mtu?

Hana sumu, na mate yake hayamdhuru mtu wala mifugo. Miguu yake ya mbele ina safu mbili za miiba zinazojifunga juu ya windo kama kisu cha kukunja, na jike mzima aliyeshtuka anaweza kukibana kidole mpaka kikachubuka kidogo. Akikubana usimvute, kwa sababu utamng'oa mguu. Tulia tu, naye ataachia mwenyewe. Ukitaka kumhamisha, weka kiganja mbele yake na umguse taratibu kwa nyuma, atapanda bila kulazimishwa.

Jina lake limetokana na imani ya zamani kwamba anayemgusa atavunja chungu au chombo cha kwanza atakachokishika baadaye. Imani hiyo haina msingi, lakini imemlinda mdudu huyu dhidi ya mikono ya watoto kwa vizazi vingi, na kwa hilo naishukuru.

Nitajuaje kama niliyenaye ni jike au dume, na kama amepevuka?

Aliyepevuka ana mabawa kamili yanayofunika mgongo mpaka karibu na ncha ya tumbo, na kwa Sphodromantis kila bawa la mbele huwa na doa dogo jeupe pembeni. Tunutu hana mabawa, au ana vikonyo vya mabawa tu. Kuhusu jinsia, mtazame tumboni upande wa chini wakati ananing'inia: jike ana pingili 6 zinazoonekana na ya mwisho ni kubwa, dume ana 8 na zile za mwisho ni ndogondogo. Dume pia ni mwembamba, ana vipapasio virefu zaidi, na usiku huruka kuifuata taa. Kwa tunutu wachanga sana usijisumbue, maana hesabu hiyo haisomeki vizuri mpaka wafike hatua ya nne au ya tano, yaani baada ya kujivua gamba mara tatu au nne.

Nimweke kwenye chombo cha namna gani?

Kimo ndicho kinachotangulia mambo yote. Chombo kiwe na kimo kisichopungua mara 3 ya urefu wa mwili wake, na upana usiopungua mara 2, kwa hiyo jike wa sentimita 7 anahitaji nafasi ya wima ya sentimita 21 au zaidi. Sababu yake ni kwamba vunjajungu hujivua gamba akiwa kichwa chini, miguu juu, na mwili mpya huteleza kutoka kwenye gamba kuukuu kwa uzito wake wenyewe. Akikosa nafasi ya kushuka, hutoka amejikunja na hubaki hivyo.

Si lazima ununue kitu chochote cha gharama. Ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko inatosha, au chupa kubwa ya maji iliyokatwa shingo. Kata dirisha pana kwenye mfuniko na ubandike kitambaa cha neti, kile kinachoshonewa shela za maharusi, ili apate hewa na pahali pa kushika. Plastiki laini humtelezesha, kwa hiyo weka pia vijiti viwili au vitatu vyenye maganda vinavyosimama mshazari. Chini tandika tishu za jikoni, ambazo ni rahisi kubadilisha, au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ambayo hutunza unyevu. Kila vunjajungu akae peke yake.

Je, naweza kutumia kipande cha chandarua?

Hapana, isipokuwa una uhakika kamili kwamba hakijawahi kutiwa dawa. Vyandarua vingi vinavyogawiwa na kuuzwa kwetu vimetiwa viuatilifu vya jamii ya pareto, ambavyo vimekusudiwa kudumu hata baada ya kufuliwa mara nyingi, na kwa vunjajungu kuvigusa tu kunatosha. Nilijifunza hili kwa uchungu. Nilikata kona ya chandarua cha zamani kilichokwisha kuchanika, nikidhani dawa imeisha, nikafunikia chupa tatu za tunutu. Mchana walianza kutetemesha miguu ya nyuma. Jioni walikuwa wamelala chali chini, vipapasio vikicheza bado, na hapakuwa na la kufanya. Tangu siku hiyo kitambaa chochote kinachoingia kwenye chombo changu ni kipya, nami hukiosha kwa maji matupu kwanza.

Tahadhari ni ileile kwa dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza. Usipulize wala usiwashe kitu katika chumba alimo vunjajungu, na kama wewe umejipaka dawa ya mbu mikononi, nawa kwa sabuni kabla ya kumgusa.

Anakula nini, na mara ngapi?

Anakula wadudu walio hai, kwa sababu macho yake husisimuliwa na kitu kinachotembea. Kwa mzima, nzi wakubwa, nondo, panzi wa kijani, nyenje na mende waliofugwa wanafaa, na wakati wa mvua kumbikumbi ni karamu. Ukubwa wa windo usizidi nusu ya mwili wake. Tunutu mkubwa apewe chakula kila baada ya siku moja au mbili; mzima, kila baada ya siku 2 au 3. Hata hivyo kipimo bora kuliko kalenda ni tumbo lenyewe: likiwa bapa kama jani, ana njaa, likiwa limejaa na kuwa mviringo, mwache. Jike aliyelishwa kupita kiasi huwa mzito, na akianguka kutoka juu tumbo linaweza kupasuka.

Epuka mende aliyekamatwa jikoni au chooni, maana huwezi kujua amepita kwenye dawa gani. Epuka vimulimuli, na pia wale panzi wa rangi kalikali wanaoshambulia mihogo, Zonocerus elegans, ambao hukusanya sumu ya mimea mwilini mwao. Rangi yao ni onyo. Usimwache nyenje ndani ya chombo usiku kucha, kwa sababu vunjajungu akianza kujivua gamba, yule aliyepaswa kuliwa ndiye atakayemtafuna.

Nyama mbichi si chakula cha kumzoesha. Mgonjwa au aliyepoteza mguu wa mbele unaweza kumsogezea kipande cha mdudu mdomoni kwa kibano, lakini hiyo ni huduma ya dharura.

Kwa nini ndani ya jicho lake mna nukta nyeusi inayonifuata?

Nukta hiyo si mboni. Jicho lake limeundwa na vijicho vingi vidogo, na vile vinavyokuelekea moja kwa moja humeza mwanga badala ya kuurudisha, kwa hiyo unaona giza pale tu unapotazama, nayo "inasogea" kila unapobadili mahali. Usiku macho yote huwa meusi, na wafugaji wapya hudhani mdudu anaumwa. Asubuhi rangi itarudi.

Macho haya yana uwezo wa kupima umbali kama yetu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza, wakiongozwa na Jenny Read, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo walibandika miwani midogo ya rangi kwa nta kwenye nyuso za vunjajungu, wakawaonyesha picha za windo kwenye skrini, nao wakairushia miguu picha iliyoonekana kuwa karibu. Spishi waliyoitumia ni Sphodromantis lineola, ndugu wa karibu wa hawa tunaowaokota kwenye michongoma yetu. Kwa mfugaji funzo lake ni la kawaida kabisa: windo lililojificha chini ya tishu bila kutikisika ni sawa na kwamba halipo, na vunjajungu anaweza kukaa na njaa ndani ya chombo chenye chakula.

Anahitaji bakuli la maji?

Hahitaji, na kwa tunutu bakuli ni kaburi. Puliza ukungu mwembamba kwenye kuta na vijiti mara moja kwa siku, naye atanyonya matone. Maeneo ya pwani, ambako hewa ina unyevu, mara moja kila siku mbili inatosha. Nairobi, Arusha au Iringa wakati wa baridi kavu ya Juni na Julai, puliza kila siku. Maji ya bomba yenye harufu ya klorini yaache wazi usiku kucha kwanza. Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 22 na 30 za Selsiasi, ambalo nyumba nyingi zetu zinalo bila msaada wowote, ila usiweke chombo dirishani penye jua la mchana.

Ameacha kula na ananing'inia bila kutikisika. Je, anakufa?

Yamkini anajiandaa kujivua gamba, nawe mwache kabisa. Tangu kuanguliwa mpaka kupata mabawa hujivua mara 6 hadi 9, kulingana na spishi, jinsia na lishe. Siku chache kabla hukataa chakula, na rangi yake hufifia kana kwamba amepakwa vumbi. Kwa yule anayekaribia mara ya mwisho, vikonyo vya mabawa huvimba. Ukiona dalili hizo, toa windo lililobaki na uongeze unyevu kidogo, kwa kuwa gamba kavu hung'ang'ania mwilini. Chombo kisiguswe tena.

Kitendo chenyewe huchukua muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, na ni cha kutazamwa kwa mbali. Gamba hupasuka nyuma ya kichwa. Kichwa na kifua hutoka kwanza, vimelegea na kupauka, halafu miguu hutolewa mmojammoja kama mtu anayevua glavu za kubana, naye hubaki akining'inia kwa ncha ya tumbo tu, kichwa chini, kwa dakika kadhaa ambazo mfugaji huziona kama saa. Kisha hujikunja kwenda juu, hushika gamba lake kuukuu, na hukauka. Mtikisiko wowote katika dakika hizo humwangusha, na aliyeanguka akiwa laini mara chache hunyooka tena.

Baada ya hapo usimpe chakula kwa siku 1 au 2, na kwa aliyepata mabawa siku 3 au 4, ili taya zake zikomae. Nzi akimgonga akiwa bado laini anaweza kumwachia kilema.

Amepoteza mguu. Utaota tena?

Akiwa tunutu, ndiyo: mguu huchipua akijivua gamba mara inayofuata, kwanza mdogo na uliojikunja, kisha huongezeka kila anapojivua. Akiwa na mabawa hautaota tena, kwa sababu hatajivua tena. Kwa aliyepoteza mguu wa mbele, mpunguzie ukubwa wa windo.

Anatapika maji meusi. Nifanye nini?

Mara nyingi chanzo ni joto kupita kiasi, uchafu, au mdudu aliyekula kitu kibovu. Safisha chombo chote kwa maji ya moto, badilisha vijiti, usimpe chakula kwa siku 2 au 3 ila maji tu, kisha anza na nzi mdogo uliyemfuga mwenyewe. Akitapika tena baada ya hapo, matumaini ni madogo.

Jike wangu ametaga ingawa hajawahi kukutana na dume. Mayai yataanguliwa?

Kwa Sphodromantis usiyatarajie. Jike aliyepevuka hutaga vifuko hata asipopandwa, na mayai ya vifuko hivyo kwa kawaida hayaanguliwi. Zipo spishi chache ambazo majike huzaa bila dume, kama vile Miomantis paykullii wa Afrika, ambaye huweza kufanya hivyo akikosa dume. Ila kama jike wako ulimwokota shambani akiwa na mabawa tayari, kuna uwezekano mkubwa kwamba alikwisha kupandwa huko, na kifuko hicho kitunze kama chenye watoto.

Nikitaka kuwapandisha, je, ni lazima jike amle dume?

Si lazima, na njaa ya jike ndiyo inayoamua mara nyingi. Subiri wiki 2 hadi 3 tangu jike apate mabawa, mlishe vizuri kwa siku kadhaa mfululizo, kisha mpe windo kubwa na umlete dume kwa nyuma yake wakati angali anatafuna. Tumia nafasi pana, hata pazia la dirishani linafaa, ili dume aweze kuruka. Wakishikamana hukaa hivyo kwa saa kadhaa. Mtoe dume mara tu wanapoachana, kwa maana hatari kubwa iko hapo.

Kifuko cha mayai nikitunze vipi?

Jike huanza kutaga wiki moja au zaidi baada ya kupandwa, na kupandwa mara moja hutosha kwa vifuko kadhaa. Hutoa povu jeupe kwa ncha ya tumbo, huku akilisuka taratibu juu ya kijiti na kupanga mayai ndani yake, na povu hilo hukauka likawa gumu na jepesi, rangi ya hudhurungi hafifu, kama kipande cha sifongo kilichochovya chai ya maziwa. Jike huwa hoi baada ya kazi hiyo, basi mpe maji na chakula siku hiyohiyo.

Kama kifuko kimebandikwa kwenye kijiti, kata kijiti. Kama kiko ukutani, kibandue kwa wembe mwembamba na ukifunge kwa uzi. La muhimu ni kukining'iniza kwa mwelekeo uleule alioutaga mama, na chini yake pawe na nafasi tupu ya sentimita 10, kwa kuwa tunutu hutoka wakining'inia. Puliza maji kuta za chombo kila baada ya siku moja au mbili, si juu ya kifuko chenyewe mpaka kilowe, na hewa ipite ili ukungu usiote. Katika joto la nyuzi 26 hadi 28 subiri wiki 4 hadi 6. Penye baridi zaidi huchelewa.

Kifuko kilichookotwa porini kinaweza kuwa na wageni. Kuna nyigu wadogo sana wa jenasi ya Podagrion ambao hutaga ndani ya kifuko cha vunjajungu, na mabuu wao hula mayai. Dalili yao ni vitundu vya mviringo ubavuni mwa kifuko. Tunutu wenyewe hutokea kwenye ukanda wa katikati, na hawaachi matundu namna hiyo. Nyigu wakitoka usikitupe kifuko haraka, kwani mara nyingine baadhi ya mayai huwa yamesalimika.

Niandae nini kabla hawajaanguliwa?

Andaa nzi. Hilo ndilo neno ninalomwambia kila anayenipigia simu kunieleza kwamba amepata kifuko, nami hulirudia mpaka nihisi nimemchosha. Tunutu aliyeanguliwa jana ana urefu usiofikia sentimita moja na hawezi kula nzi wa kawaida wa nyumbani. Anachokiweza ni wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka juu ya ndizi zilizoiva sana, Drosophila, wenye milimita 2 hadi 3. Usiwachanganye na nzi wa matunda wanaosumbua wakulima wa maembe, ambao ni wakubwa zaidi na ni wa jamii nyingine.

Kuwazalisha ni rahisi. Pika uji mzito wa unga wa mahindi, uache upoe kabisa, uchanganye na ndizi moja iliyopondwa na kijiko cha siki ili kuzuia ukungu, umimine ndani ya chupa ya kioo kwa kina cha vidole viwili, kisha unyunyize punje chache za hamira juu yake. Chomeka humo karatasi iliyokunjwakunjwa, ili nzi wapate pa kusimama. Acha chupa wazi karibu na kapu la matunda; wakishaingia nzi kama 20, funika kwa kipande cha soksi nyembamba za kike na ufunge kwa mpira. Neti ya shela haifai hapa, kwa sababu nzi hawa hupenya. Katika joto la nyuzi 25 kizazi kipya hutoka baada ya siku 10 hivi. Anza chupa ya kwanza wiki ya pili baada ya kifuko kutagwa, ongeza chupa moja kila wiki, na siku ya kuanguliwa utakuwa na chupa tatu au nne zilizo katika hatua tofauti. Anayesubiri mpaka awaone tunutu ndipo atege ndizi, atapata nzi wa kwanza wakati nusu ya watoto wamekwisha kufa.

Wameanguliwa leo asubuhi. Siku ya kwanza nifanye nini?

Usifanye haraka. Mara nyingi huanguliwa asubuhi, jua linapoanza kupasha joto, na wote au karibu wote hutoka ndani ya saa moja au mbili. Ukibahatika kuona mwanzo wake, utaona ukanda wa kifuko unatokwa na vitu vya njano kama punje ndefu za mchele, kila kimoja kimefungwa ndani ya utando mwembamba na kina nukta mbili nyeusi za macho. Huteremka wakijinyonganyonga kwenye nyuzi laini kama za buibui, wakashikamana kuwa kishada kinachotikisika, halafu utando hupasuka, miguu hutoka, na kile kilichokuwa punje ya mchele hutembea juu ya migongo ya ndugu zake. Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado huwa naacha kazi niliyonayo mkononi.

Katika saa hizo usiguse kishada wala usipulize maji juu yao. Jioni, wakishatawanyika na kukauka, puliza ukungu mwembamba kwenye ukuta mmoja tu wa chombo. Njaa huanza siku ya pili. Ili kuwapa nzi, weka chupa ya nzi kwenye friji kwa dakika 3 hadi 5 watulie, kisha kung'uta kiasi unachotaka. Kadiria nzi wawili au watatu kwa kila tunutu kwa siku. Ukihitaji kumhamisha tunutu, tumia brashi laini ya kuchorea, maana vidole humvunja.

Je, watakulana, na niwatenganishe lini?

Watakulana, ila si siku za kwanza kama chakula kipo tele. Hatua ya kwanza na ya pili wanaweza kukaa pamoja kwenye chombo kimoja kikubwa kilichojaa vijiti na matawi makavu, ili kila mmoja apate pembe yake. Wakijivua mara ya pili, yaani wakiingia hatua ya tatu, tofauti za ukubwa huwa dhahiri, na mkubwa huanza kumtazama mdogo kama nzi. Hapo mweke kila mmoja kwenye kikombe chake cha plastiki chenye kifuniko cha neti, na uandike juu yake tarehe aliyojivua. Kwa kuwa huwezi kulisha vikombe 150 kwa mwezi mzima, amua mapema utabaki na wangapi. Kumi hadi kumi na watano ni idadi ambayo mtu mwenye kazi nyingine anaweza kuitunza vizuri.

Wengi wanakufa wiki ya kwanza. Kosa langu liko wapi?

Baadhi ya vifo si kosa lako. Jike hutaga mayai mengi kwa sababu porini ni wachache mno wanaofika kuota mabawa. Hata hivyo wakifa kwa makumi, tazama maji kwanza. Tunutu wa siku tatu hukauka ndani ya siku moja akikosa matone, na wakati huohuo tone kubwa humnasa kama gundi mpaka azame. Chupa inayotoa ukungu ni muhimu kuliko kitu kingine chochote utakachonunua. Ukishaondoa sababu hiyo, chunguza hewa: chombo kilichofungwa sana, chenye harufu ya uvundo na mizoga ya nzi chini, huwaua polepole.

Halafu wapo sisimizi. Kundi la sisimizi likigundua chombo usiku, asubuhi hutakuta hata mmoja, na kifuko ambacho hakijaanguliwa watakitoboa pia. Fanya kama inavyofanywa kwa kabati la chakula: simamisha miguu ya meza ndani ya vikopo vya maji, na meza isiguse ukuta wala pazia.

Jike wangu anazeeka. Nimtunze vipi?

Akishapata mabawa huishi miezi kadhaa. Dume huondoka mapema zaidi. Uzee huonekana kwenye nyayo, ambazo hukatika ncha na kushindwa kushika, na kwenye macho yanayopata mabaka meusi. Mshushie vijiti ili akianguka asiumie, msogezee windo dogo kwa kibano, na mpe tone la maji mdomoni kwa ncha ya brashi.

Tunutu niliozidiwa nao niwaachie wapi?

Kama mama yao alitoka katika eneo lako, wapeleke kwenye vichaka visivyopuliziwa dawa, mapema asubuhi au jioni, na uwatawanye mmojammoja juu ya majani ya mimea tofauti badala ya kuwamwaga pahali pamoja. Shamba la mboga linalolimwa bila viuatilifu litawapokea vizuri.

Kama mama yao alitoka nchi nyingine, wasiachiwe kabisa, hata mmoja. Vunjajungu wa Afrika Kusini aitwaye Miomantis caffra alionekana kwa mara ya kwanza Auckland, New Zealand, mwaka 1978, akaenea, na madume wa vunjajungu wa asili wa kule, Orthodera novaezealandiae, huvutwa na harufu ya majike hao wageni na kuishia kuliwa nao. Wafugaji wanaoishi Ulaya, Marekani au Ghuba wenye Sphodromantis wanapaswa kulizingatia hili zaidi ya wengine: watoto wa ziada wagawie wafugaji wenzako, na kifuko usichokihitaji kiweke kwenye jokofu la kugandisha kwa siku mbili kabla ya kukitupa.